Kulizunguka Ziwa Bila Kutoka Kambove

Balaa la mwaka huu liliingia nyumbani kwangu kwa simu. Mpwa wangu anayeishi Liège, Ubelgiji, alituma video: yeye, mkewe, watoto wawili na mbwa, wote ndani ya gari lenye vitanda, jiko, sinki na choo, wanalizunguka ziwa Léman. Asubuhi wanavuta pazia, ziwa lile pale. Jioni wanavuta pazia la upande wa pili, ziwa bado lipo. Mbwa kajinyoosha kwenye godoro lake, na kusema kweli godoro la mbwa yule ni nene kuliko ninalolalia mimi tangu nioe.

Kosa langu ni kuitazama video ile sebuleni, familia nzima imekaa, kisha nikafungua mdomo: "Na sisi tuna ziwa."

Maneno manne tu. Kijana wangu wa mwisho, yuko darasa la sita, akakimbilia kitabu chake cha jiografia. Akarudi na hesabu: Léman lina urefu wa kilomita 73. Tanganyika, 673. "Papa," akasema, "tofauti ni sita moja tu, njo iko mbele." Nilimsifu kwa kusoma vizuri. Usiku kitandani ndipo nilipoipima ile sita, usingizi ukanitoka.

Kufikia Jumapili tulikuwa na kamati. Binti mkubwa, anayesoma chuo kikuu Lubumbashi, akajiteua katibu. Kijana wa kati, ambaye hajawahi kupigilia msumari ukakaa, akawa mhandisi. Mdogo akawa mkuu wa ramani. Mimi nikaachiwa cheo cha mlipaji, kile ambacho hakijawahi kugombewa na mtu. Mama watoto hakuomba cheo. Aliendelea kutwanga sombe yake, akauliza swali moja tu: "Nani njo atapika?"

Kamati ikaahirisha jibu.

Ramani ilianza vizuri. Kambove hadi Likasi, kilomita 25 hivi, shimo kwa shimo tunazijua kwa majina. Likasi hadi Lubumbashi, kama 120, lami na peyaji. Kisha Kasumbalesa, tunajipanga nyuma ya malori ya shaba na kobalti. Foleni ile, kwa anayeifahamu, ina watu waliokwisha kuvumbua gari la kulala zamani: madereva wanamaliza siku na siku pale, wana mbabula, wana sufuria, wana kandambili, wanaanika shati kwenye kioo cha pembeni, na hakuna aliyewahi kuwaita watalii. Ng'ambo ni Zambia: Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Kasama, Mbala yenye maporomoko ya Kalambo yanayoshuka zaidi ya mita 200, halafu Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye Tanganyika. Hapo ndipo tunaanza kuliona ziwa. Kwa hesabu ya mlipaji, pesa zimeisha Kasama.

Lakini penseli ya mtoto haijui bei ya mafuta. Ikaingia Tanzania, ikapita Sumbawanga, ikapita Mpanda, ikafika Kigoma, ikapumzika Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ikapanda Burundi, ikafika Bujumbura, ikavuka kuingia kwetu Uvira, ikateremka mpaka Baraka. Hapo ikasimama.

"Papa, huku kuelekea Fizi, njia iko muzuri?"

Nilimwambia njia ni mbovu. Akanitazama. Watoto wa Kongo wanasikiliza redio kama sisi, na wanajua kwamba kule kuna familia zinazotembea na magodoro kichwani, nazo hazijaenda likizo. Akachukua kifutio, akafuta taratibu kutoka Uvira hadi Baraka, halafu akachora mstari wa nukta nukta katikati ya maji kutoka Uvira mpaka Kalemie. "Hapa tutapanda meli," akasema. Sikuwa na moyo wa kumpinga. Duara letu likawa duara lenye kiraka.

Katibu naye akaleta orodha ya karatasi. Pasipoti za watu watano. Kadi ya manjano ya chanjo kwa kila mtu, kwa ajili ya homa ya manjano. Na kadi nyingine ya manjano, ya COMESA, ambayo ni bima ya gari likivuka mpaka. Mhandisi, ambaye ni shabiki wa Mazembe kuliko alivyo mkristo, akacheka mpaka akashika ukuta: "Kadi mbili za manjano ni nyekundu! Tumetolewa mbele ya kuanza!"

Pesa nazo ni za aina tano: faranga zetu, kwacha, shilingi, faranga za Burundi, na dola juu ya zote. Na dola zenyewe ziwe safi, maana kwetu noti ya dola ikiwa na mchaniko wa ukubwa wa jino la siafu, hata muuza nyanya anairudisha kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

Saa pia haikutulia. Kambove, Zambia na Burundi tunakwenda sawa, ila Tanzania wako saa moja mbele, kwa hiyo tungeipoteza saa nzima Sumbawanga na kuiokota tena mpakani mwa Burundi. Mama watoto akauliza kama ni saa ya kupika au ya kula.

Nilijituliza kwamba walau lugha haitanisumbua. Zambia nina Kibemba cha kuombea maji, na Tanzania ni Kiswahili kitupu. Katibu akakohoa. "Papa, kule hausemi bukari. Ni ugali. Na ukisema 'iko muzuri' watakucheka."

"Binti yangu, mimi nasema Kiswahili tangu kuzaliwa."

"Njo shida, Papa."

Kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa akinitazama kama mgonjwa anayekataa dawa, nikatoa silaha yangu ya mwisho: historia. Nikawaambia, ninyi mnaogopa kulipeleka basi dogo mpaka Tanganyika, na watu walishapitisha meli mbili hapa mlangoni petu! Ilikuwa 1915, Vita Kuu ya Kwanza, na Wajerumani ndio waliokuwa wakitamba ziwani. Waingereza wakaleta boti mbili za mbao, kila moja kama mita 12, majina yake Mimi na Toutou. Zikashushwa Cape Town, zikapandishwa treni, zikapita Elisabethville ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, zikaja na reli yetu hii mpaka ilipoishia, Fungurume. Kutoka pale zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuivuka milima ya Mitumba, madaraja yakijengwa mbele yao moja baada ya jingine, mpaka reli ya kushukia Bukama na mto Lualaba, kisha mto, kisha reli tena, mpaka ziwani Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Na kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa kuvaa sketi mbele ya askari wake bila kuona haya. Mtu wa sketi alifika. Mimi mwenye suruali nishindwe?

Watoto walipiga makofi. Mama watoto akaacha mchi.

"Hao Waingereza walikuwa wangapi?"

"Hawafiki thelathini."

"Na waliokata miti? Waliojenga hayo madaraja? Waliovuta kamba?"

"Hao... walikuwa watu wa huku."

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Basi njo nauliza. Sisi tuko watano. Nani atasukuma, na nani njo atapika?"

Akarudi kwenye kinu. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya vita vile, na hakuna mtaalamu aliyeuliza swali zuri kuliko hilo.

Pamoja na hayo nikanunua gari. Mtu akishaaibika mbele ya watoto hununua kitu. Ni basi dogo lililozeeka kwenye njia ya Kambove–Likasi, linamzidi binti yangu miaka, na nyuma limeandikwa kwa rangi nyekundu SUBIRA. Limetoka Japani na usukani wake wa kulia, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, maana yake mlango unafungukia katikati ya barabara, na abiria akishuka anashukia uso kwa uso na lori. Muuzaji aliliona hilo kuwa baraka: "Patron, ukifika Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto. Kule gari litakuwa sawa kabisa!" Ndiyo mara ya kwanza kununua gari ambalo ubora wake unaanzia ng'ambo ya mpaka.

Mhandisi akaondoa viti vya nyuma, na fundi wa kuchomelea akaunda kitanda kwa mabomba. Ni kitanda imara, sikatai, ila gurudumu la nyuma lina kifuniko kinachochomoza ndani kama mgongo wa kiboko, na godoro lilibidi likatwe duara pale. Alalaye upande huo lazima alale amejikunja kama kamba ya mbuzi. Sinki ni beseni lililotobolewa. Maji ni bidoni ya lita 20 iliyofungwa juu, nyuma ya kichwa cha dereva, yenye bomba dogo ambalo halifungi vizuri. Kila nikikanyaga breki, maji yananimiminikia shingoni. Mhandisi anasema hiyo ndiyo bafu.

Mapazia yakatoka kwenye kikwembe cha zambarau ambacho mama watoto alikuwa amekichoka. Hapo ndipo tulipokosea. Gari refu, kitanda kimoja katikati, mapazia ya zambarau: asubuhi yake jirani yetu mzee akaja amevua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya chini, "Kilio kiko wapi?" Mkononi mwangu nikasikia noti iliyokunjwa. Nilimrudishia, tena nikamweleza habari yote ya Léman na yule mbwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaenda zake akitikisa kichwa, na nadhani angependelea tungekuwa na msiba. Mama watoto hajanisamehe. Siyo kwa mapazia. Kwa kuirudisha ile noti.

Lakini kilichoivunja safari ni shangazi wa Pweto.

Habari zilimfikia, sijui kwa mdomo wa nani, ingawa katibu ana simu na shangazi ana simu. Pweto iko kwenye ziwa Mweru, katika njia yetu ya kurudi. Akapiga jioni, nikaiweka simu mbali kidogo na sikio.

"Nimesikia mutapita huku na gari ya kulala."

"Ndiyo, shangazi."

"Mutafika Pweto, mulale ndani ya gari. Mbele ya mlango yangu."

"Shangazi, tuliona tusikusumbue..."

"Mi nilikufa?"

Swali hilo halina jibu katika lugha yoyote, ya bukari wala ya ugali. Nikaapa kwamba tungelala ndani kwake, siku mbili, hapana, tatu. Kesho yake akapiga shemeji wa Kalemie: yeye ana nyumba ya vyumba vinne na hawezi kuaibishwa na kitanda cha mabomba. Akafuata mjane wa baba mdogo, Kitwe, ambaye hatujamwona miaka tisa na alisema kwamba ameshatoa mashuka. Akafuata mtu wa Moba ambaye undugu wetu ilibidi tuuchore kwenye karatasi, ila ulikuwepo. Kila mmoja alitaka tulale kwake. Kila mmoja pia, kabla ya kukata simu, alitaja sabuni, sukari na kikwembe kimoja tu, kizuri. Na kila mmoja alikuwa na cha kutupa turudi nacho: jogoo, gunia la kapenta, na mjane wa Kitwe, mjukuu wa miaka kumi na mmoja mwenye akili sana aje asome kwetu.

Katibu akaketi na hesabu. Katika safari ya siku 21, kitanda chetu kingelaliwa usiku nne. Zote nne, foleni ya Kasumbalesa.

Hapo ndipo nilipoielewa video ya Liège. Nilikuwa nikimwonea wivu mpwa wangu bure. Maskini, Léman nzima kuizunguka hana mlango mmoja wa kubisha. Hana shemeji wa kununa, hana mjane mwenye mashuka. Akiegesha pale ufukweni usiku, hakuna atakayetoka na taa kuuliza kama amekufa. Wazungu wamelitengeneza gari lile kwa akili nyingi, lina jiko, lina sinki, lina choo, na vyote hivyo vimewekwa mahali pa shangazi. Sisi tukilijenga hapa tunajenga matusi yenye magurudumu manne.

Kamati ikavunjwa Ijumaa. Ila gari lilikuwa limeshalipiwa, na mhandisi akaomba walau tulijaribu mpaka Likasi na kurudi. Jumamosi asubuhi tukapanda wote, hata mama watoto, ambaye alisema anakuja kuona aibu kwa karibu.

Hatukufika mwisho wa soko. Mama mmoja mwenye kuku wawili aliiona SUBIRA kwa nyuma, akapiga mluzi, nami mguu ukakanyaga breki kabla kichwa hakijaamua. Maji shingoni. Nilipogeuka, alikuwa ameshaufungua mlango mwenyewe kwa pigo la kiganja, pale pale panapofungukia, maana miaka yote ndivyo alivyoufungua. Akaketi kitandani, akaweka kuku kwenye sinki. Nyuma yake kijana mwenye tairi la baiskeli. Nyuma yake mzee, aliyejilaza kujaribu godoro, akakuta lile duara, akauliza ni nani aliyekula kipande. Nilikuwa bado naeleza kwamba hili si basi, ni gari la kuzungukia ziwa, wakati mama watoto aliposimama mlangoni, mgongo umeinama chini ya paa, noti zimepangwa kati ya vidole, akiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu: "Likasi! Likasi! Inabakia nafasi mbili!"

Tulifika na abiria kumi na mmoja. Alizihesabu noti mara mbili. Mafuta yamelipwa, na gunia la unga juu yake.

Kurudi tulimpakia mwanamke muuza samaki, mwenye beseni kubwa lililofunikwa majani, akitoka Kapolowe. Maji ya samaki yalivuja kwenye godoro, harufu ya ziwa ikajaa mapazia ya zambarau. Mkuu wa ramani akamwuliza samaki hawa wametoka ziwa gani. "Tshangalele," akasema. Ziwa la bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ambalo limekuwa likizungusha mitambo ya umeme tangu 1930. Tena liko humu humu teritori ya Kambove. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kuliona. Barabara yote mpaka nyumbani hakuna aliyejibu, na yule mwanamke, kwa adabu, akatazama dirishani.

Kwa hiyo likizo kubwa tunakwenda Tshangalele, Jumapili moja, kwenda na kurudi. Tulifikiri kulala, kwa heshima ya kitanda. Kumbe mama watoto ana binamu Kapolowe.

Siku nyingine gari linaondoka alfajiri, upande wa soko. Litambueni kwa mapazia. Nauli ni ile ile ya wengine. Kitanda bado kipo nyuma, na anayetaka kujinyoosha kama mbwa wa Liège anakaribishwa, ila atalipia nafasi nne.